Mwaka Tulipolima Njia

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyenilea kwa mikono ya watu wa kawaida wasiojua kwamba wananifundisha Neno lake. Amenipa macho ambayo bado yanasoma Biblia mchana bila miwani, na magoti yanayogusa sakafu bila kulalamika sana. Kabla sijasimulia lolote, namrudishia yeye heshima yote.

Enzi zetu, ndugu zangu mliokulia Bariadi kabla haijawa makao makuu ya mkoa, mtu alijulikana anakotoka kwa kutazamwa miguu. Watoto wa Boma, kule walikoishi watumishi wa serikali, walifika shuleni na vumbi jepesi juu ya viatu. Sisi wa mtaa wa bondeni tulifika na tope jeusi la mbuga hadi magotini, limekauka na kupasuka kama ngozi ya kenge. Wenzetu walitungoja langoni, wakiimba, “Wenye soksi nyeusi hao! Wenye soksi nyeusi!” Nasi hatukukosa la kujibu: “Soksi zetu hazitobolewi na panya!” Kisha tulicheza rede pamoja mpaka rimu ya gari iliyotundikwa mtini igongwe, na tope na viatu vyote viingie darasani kukariri jedwali la saba.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Ninyi wa rika langu mnaikumbuka. Jana dukani palikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji anayesinzia. Leo pana sabuni za kunukia, redio, kandambili za rangi tatu na marobota ya mitumba. Tulikuwa tukienda mjini kunusa tu. Mimi nilijua harufu ya robota jipya likikatwa kamba kama ninavyojua harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka na karanga. Baba alinunua shati lenye maandishi ya kigeni kifuani, akalivaa kanisani miezi mingi, hakuna aliyejua linasema nini, na mchungaji alilisifu.

Lakini njia ya kwenda shule ilikuwa vipande vitatu, na kila kipande kilikuwa na wenyewe.

Kipande cha kwanza kilikuwa mbuga, kuanzia nyumba zetu hadi barabara ya maduka. Hapo hapakuwa na njia, palikuwa na tope. Wakati wa mvua udongo ule unakuvua kandambili na kuimeza, na ukiinama kuitafuta unapata ya mtu wa mwaka jana. Kipande cha pili kilikuwa maduka. Zamani tulipita barazani, chini ya mabati, jua na mvua vikituonea wivu. Biashara ilipofunguka, baraza zikajaa vyerehani, ndoo, magodoro na mitumba, na mwenye miguu akashushwa barabarani akatembee na malori na ng’ombe wa mnadani. Kipande cha tatu kilikuwa Boma. Huko, jamani, palikuwa pazuri! Njia ya miguu iliyoinuliwa, kingo zake mawe yaliyopakwa chokaa, mitaro imefunikwa kwa mabamba ya zege. Ilifagiliwa kila asubuhi. Na pale ilipoanzia palikuwa na bomba na mlinzi.

“Ninyi wa bondeni,” alikuwa akituambia, “osheni miguu kwanza. Njia hii haijazoea tope.”

Tulinawa. Mimi niliosha miguu minne, ya kwangu na ya dada yangu Kabula.

Kabula alinizidi miaka minne. Ugonjwa wa kupooza ulimpata akiwa mdogo, ukauacha mguu wake wa kushoto mwembamba kama mpini wa jembe. Alitembelea gongo la mti wa mninga alilochongewa na fundi seremala, jirani yetu. Kuchuchumaa bombani hakuweza, ndiyo maana nilimwosha. Alisimama ameshika ukuta, akinitania, “Minza, umesahau kati ya vidole. Huoshi sufuria wewe?” Alikuwa na mwandiko mzuri kuliko walimu wetu wawili. Mwaka ninaousimulia alikuwa ameingia darasa la saba.

Shule zilipofunguliwa Januari mvua ilikuwa kali. Wiki ya kwanza alikosa siku tatu kwa sababu ya mbuga. Mwalimu mkuu akasema mbele ya mstari, bila kumtaja mtu, kwamba mwanafunzi atakayekosakosa shule jina lake halitapelekwa wilayani kwa ajili ya mtihani. Kabula alisikia. Siku iliyofuata tulitoka nyumbani alfajiri, tukavuka mbuga kwa mateso, tukafika madukani. Hapo baraza ya Bwana Masanja, muuza mitumba, ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Tukashuka barabarani. Lori la bidhaa lilikuwa linarudi nyuma, dereva hakutuona. Nilimvuta Kabula kwa nguvu zangu zote, tukaangukia mtaroni. Tulipoinua vichwa, tairi lilikuwa limepita juu ya gongo. Mninga wote ule ulilala pale kama kuni za kukokea moto.

Baba alikuja na baiskeli, akambeba Kabula hadi nyumbani. Hakumkemea mtu. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia.

“Basi,” akasema. “Kabula haendi tena shule.”

“Baba Kabula,” mama akasema taratibu, “mtoto amebakiza mwaka mmoja.”

“Mtoto huyu Mungu alimrudishia pumzi mara moja. Mimi sitamjaribu mara ya pili. Akae hapa. Kusoma anajua, kuandika anajua. Anataka nini tena?”

Kabula alikuwa ndani. Hakulia kwa sauti. Nilimsikia akikunjua daftari na kulikunja, akikunjua na kulikunja.

Mama yangu alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya, na mikono migumu kama kwato. Hakubishana na mume wake mbele yetu, wala hakukubaliana naye. Kesho yake alijifunga kitenge cha kanisani, akaenda ofisi ya wilaya kuombea bondeni njia ya miguu. Karani alimsikiliza vizuri, akampa kiti, akasema bajeti ya mwaka ule ilikuwa ya barabara za magari.

“Na sisi wa miguu, baba?” mama akauliza.

“Mama yangu, gari ndilo linahitaji kutengenezewa njia. Mtu anayo yake popote anapokanyaga.”

“Mbona Boma mmewatengenezea?”

Karani akacheka kidogo kwa aibu. “Andika barua, mama.”

Barua aliiandika Kabula mwenyewe, kwa ule mwandiko wake. Mama aliipeleka. Karani aliisifu sana, akasema hajawahi kupokea barua safi namna ile kutoka bondeni, akaiweka kwenye faili. Nadhani imo hadi leo.

Sasa nieleze jambo ambalo watoto wa siku hizi hawalijui. Sisi Wasukuma tulikuwa na elika, kikundi cha kulima kwa zamu. Leo mnakwenda wote kwa sauti moja shambani kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa mwingine. Mwenye zamu anawapikia. Mnapalilia kwa ngoma na nyimbo, na kazi ya wiki mbili inakwisha kabla jua halijawa kali. Ukikosa zamu yako wakati wa palizi, majani yanaimeza pamba, na pamba ndiyo ada, ndiyo nguo, ndiyo chumvi ya nyumba. Zamu ya mama ilikuwa Jumanne. Jumatatu jioni alikwenda kwa Mabula, kiongozi wa elika yetu, walikokuwa wamekaa wakinywa togwa baada ya kazi. Nilimfuata kwa sababu ya togwa.

“Mwadila,” akawasalimu.

“Mwadila, mayu,” wakaitika, yaani mama.

“Kesho zamu yangu,” mama akasema. “Msije shambani. Njooni mbugani, mnilimie njia mpaka barabara ya maduka.”

Mabula akaweka kibuyu chini. “Mayu, unaumwa?”

“Siumwi.”

“Pamba yako ina majani mpaka hapa!” Akajishika paja.

“Pamba ni yangu, Mabula, na siku ni yangu. Zamu ya mtu analimiwa anachotaka.”

Holo, mama mmoja mnene mwenye maneno, aliangua kicheko mpaka togwa ikamtoka puani. “Haya, jamani! Tumelima mtama, tumelima mpunga. Hiyo njia, mayu, inavunwa mwezi gani?”

“Mwezi wa tisa,” mama akajibu. “Darasa la saba watakapokaa mtihani.”

Kicheko kikaisha kimoja kimoja.

Walikuja. Elika haikatai zamu ya mtu. Watu ishirini na zaidi, ngoma mbele, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Lakini, ndugu zangu, mkulima anajua kilimo. Waliambiwa walime njia, wakalima tuta! Tuta moja refu kutoka nyumbani kwetu hadi barabarani, limenyooka kama uzi, udongo mweusi umepandishwa kutoka pande zote mbili. Lilikuwa tuta zuri ajabu. Mabula alisimama mwisho wake akalitazama kwa jicho moja, akasema hajawahi kulima tuta zuri kama lile tangu azaliwe. Tukala ugali na nyama ya mbuzi mmoja tuliyekuwa naye, tukaimba, mama akaomba sala ya kushukuru.

Mvua ikanyesha siku iliyofuata.

Asubuhi Kabula, aliyekuwa amechongewa gongo jipya, alitoka kujaribu. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili, gongo likazama hadi kwapani. Akalivuta, halikutoka. Akanitazama. Mimi nilikuwa nimezama hadi mapajani. Watu wakatoka nyumbani kwao kutazama, na kwa kweli ilikuwa kichekesho, watoto wawili wamepandwa kwenye tuta kama miche. Kesho yake tukakuta mtu amechomeka mbegu za viazi vitamu juu ya tuta, kwa mstari mzuri, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mama alipoziona zile mbegu alicheka kuliko wote. Kisha akaingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda, akakaa hapo muda mrefu. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Pamba yake ilikuwa inamezwa.

Nilikuwa mlangoni baba alipoingia. Alisimama nyuma yake, kofia mkononi.

“Mama Kabula. Mbuga haibebi mtu. Ulitakiwa kuweka mawe chini, changarawe, halafu luseni juu.” Luseni ndiyo ile ardhi yetu ya kichanga isiyoshika mguu.

Mama hakugeuka. “Nawe ulijua hivyo siku zote?”

“Nilijua.”

“Na ukanyamaza.”

“Nilisema mtoto haendi. Nilidhani njia ikishindikana utakubali.” Akaivaa kofia, akaivua tena. “Nimekosa.”

Sijawahi kumsikia baba akisema neno hilo kabla ya siku ile. Nimesikiliza mahubiri mengi ya toba tangu wakati huo, na hakuna lililonigusa kama lile neno moja la mkulima aliyesimama na kofia mkononi. Alitoka akafunga maksai wetu wawili kwenye mkokoteni, akaelekea kwenye korongo la mchanga.

Holo alimwona akipita. Akaja hadi mlangoni kwetu, mikono kiunoni.

“Mayu, zile mbegu za viazi niliweka mimi.”

“Nilijua,” mama akasema. “Nani mwingine bondeni ana mbegu nzuri kama zako?”

Holo akashusha mikono kutoka kiunoni. “Zamu yangu ni Alhamisi,” akasema mwishowe. “Ichukue.”

Baada ya Holo akatoa Mabula. Baada ya Mabula wakatoa wengine wawili. Mnaoelewa palizi mtaelewa walichotoa. Wanaume walivunja mawe kwenye majabali, baba na maksai wakaleta changarawe na luseni, akina mama wakasawazisha. Sisi watoto tulibeba jiwe moja moja kila tulipotoka shule, na hapakuwa na mtoto aliyeambiwa mara mbili. Njia ilipokwisha, upana wake ulitosha watu wawili, mmoja akiwa na gongo. Viazi vya Holo viliachwa pembeni, mizizi yake ikashika udongo, na mwezi wa sita tukavila.

Ilibaki baraza ya Bwana Masanja. Mama hakwenda kugombana. Alikwenda asubuhi moja akiwa na Kabula, akamsalimu, akamsifia marobota yake.

“Bwana Masanja, nina ombi. Nisaidie kumpeleka huyu hadi kona ile. Mimi mgongo unauma.”

“Apite tu, mama, barabara si hiyo?”

“Ndiyo hiyo. Basi mpitishe.”

Bwana Masanja alikuwa amevaa viatu vyeupe, vipya, vilivyotoka kwenye robota la juzi. Alimshika Kabula mkono wakashuka. Gari la kwanza liliwasogeza pembeni. La pili likawamwagia dimbwi lote. Ng’ombe mmoja wa mnadani akamlamba shati. Walipofika kona alikuwa mweusi hadi kiunoni, na barabara nzima ilikuwa imesimama kutazama.

“Asante, mjomba,” Kabula akamwambia kwa adabu. “Mimi nilikuwa nikipita hivi kila siku ya shule.”

Bwana Masanja alirudi barazani kwake. Mchana ule alisogeza meza zake nyuma, akaacha nafasi ya mtu na gongo kupita chini ya bati. Jirani yake alipomcheka alimwambia, “Cheka, lakini nawe sogeza.” Na alisogeza. Si wote waliosogeza. Lakini kutoka duka hadi duka Kabula alijua atashuka mara mbili tu, na mahali hapo pawili tulikuwa tukisubiri pamoja magari yapite.

Baba ndiye aliyemwambia, “Nenda.” Tangu siku hiyo hadi mwezi wa tisa hakukosa, na mwalimu mkuu akapeleka jina lake wilayani. Asubuhi ya mtihani nilijiandaa kumsindikiza, akakataa. “Leo niacheni nipite peke yangu.” Tukasimama mlangoni, mama, baba na mimi, tukamtazama akienda juu ya luseni nyeupe, gongo, mguu, gongo, mguu, hadi akawa mdogo kama nukta. Mama alikuwa anaimba chini kwa chini. Pamba yetu mwaka ule haikufika nusu ya kawaida, na Krismasi tulivaa nguo za mwaka uliopita. Sikumsikia mama akilitaja hilo hadi anaingia kaburini.

Orodha ya waliochaguliwa kuingia sekondari ilipobandikwa ukutani pale shuleni, jina la kutoka bondeni lilikuwa moja. Kabula alikuwa mwalimu miaka mingi Maswa. Sasa amestaafu, na bado anakosoa mwandiko wangu.

Ninapopita Bariadi leo namshukuru Mungu kwa lami na taa. Barabara kubwa ina njia za miguu zilizotandikwa matofali mazuri, kuliko yale mawe ya chokaa ya Boma. Lakini ukishuka mitaa ya nyuma unakuta yale yale: mama ana mtoto mgongoni na ndoo kichwani, yuko katikati ya barabara, na bodaboda imepanda kwenye njia ya miguu ikipiga honi ili apishwe. Vijana wetu wanatembea na visikizio masikioni, wakikanyaga mtaro ndipo wanajua kwamba kuna mtaro. Mwaka jana niliwaomba wa kanisani kwetu watoe Jumamosi moja tumwage changarawe kwenye kinjia cha kwenda kwa wajane wa mtaa wetu. Kwenye kundi la simu nilipata mikono ya kuomba arobaini na “Amina, mama” zisizo na idadi. Jumamosi yenyewe walikuja sita. Sikuwalaumu. Sita wale walifanya kazi vizuri, mmoja akiweka muziki kwenye simu badala ya ngoma, na nilipowapikia walikula kama elika nzima. Ila nilipowatazama niliwakumbuka wale watu ishirini wakiwa wamenyamaza na togwa mikononi, kila mmoja akifikiria majani kwenye pamba yake, na hata hivyo wakaja. Watu wa namna ile siku hizi nawatafuta kwa macho, nami nadhani bado wapo, ila hawajaombwa na mtu aliyeanza kwa kutoa cha kwake.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie hatua zako na za watoto wako. Akupe mwili wenye nguvu, na ukikosa nguvu akupe majirani. Na siku utakayosimama mbele yake, akukute umechoka kwa ajili ya mtu mwingine. Amina.